Sakafu za Bwana Afya

Bwana Afya alibisha hodi mara moja tu. Akishaita, alihesabu kimoyomoyo hadi tatu, midomo ikicheza, kisha akaingia uani na kunyoosha moja kwa moja hadi chooni, fimbo yake ya mkaratusi mkononi. Fimbo ilichanjwa alama ya kisu kila baada ya futi moja. Aliitumbukiza shimoni, akaitoa, akaikagua, ndipo akamgeukia mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama. Sufuria yako ya makande ni ndefu kuliko choo chako."

Tulimwita kwa cheo chake. Alikuwa afisa afya wa kata yetu, pembeni mwa mji wa Biharamulo, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa jirani yangu wa ua mmoja wa michongoma. Jina lake lilikuwepo chini ya barua za onyo alizotuandikia, lakini sikumbuki mtu aliyelitamka. Hata mke wake, akitaka kumpandisha hasira, alimwita Bwana Afya.

Wengi humkumbuka kwa fimbo. Mimi namkumbuka kwa sakafu. Kulikuwa na kiangazi kimoja ambacho aliingiza katika nyumba za mtaa wetu sakafu ya aina mpya, nyeusi, ngumu, iliyowamaliza funza. Tulimshangilia. Baadaye akajua kwamba sakafu ile ilikuwa na madini ya risasi, na kwamba watoto waliotambaa juu yake walikuwa wakiyala kidogo kidogo kwa vidole vyao. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: kila sakafu aliyoifundisha ichimbuliwe, hadi ya mwisho, kabla mtoto mwingine hajaanza kutambaa juu yake. Sehemu ya kosa hilo ilipitia kwangu, kwa hiyo siandiki habari zake nikiwa nimetulia.

Alikuwa mtu wa kutembea. Ukitaka kuzungumza naye ilikubidi uvae viatu. Alikula ndizi ya kuchoma akitembea, alisoma barua akitembea, na msibani aliketi kwenye benchi kwa muda wa Baba Yetu moja, kisha ungemwona nyuma ya nyumba akiangalia kama kuna maji ya kunawa. Ofisi ilimpa pikipiki. Alisema pikipiki inapita nyumba haraka mno, huwezi kuona kilichoanikwa wala kilichofichwa.

Kwa watu wazima alikuwa mkali, pengine mkorofi. Kwa watoto alikuwa mtu mwingine. Miezi ya vumbi, funza walipojaa miguuni na watoto wakaanza kutembea kwa visigino, alipita na beseni, dawa ya zambarau na pini. Alipiga magoti mbele ya mtoto mwenye kamasi na kumwambia, "Nipe mguu, mheshimiwa." Kisha alianza kuwatoa funza mmoja mmoja, akiwatangaza kama anasoma matokeo ya uchaguzi.

"Huyu ni mwenyekiti. Huyu katibu. Lo, huyu mnene hivi, bila shaka ndiye mweka hazina."

Mtoto alicheka huku machozi yanamtoka. Akimaliza, Bwana Afya aliinuka, magoti yana vumbi, na kumgombeza mama: "Mtoto ameshinda uchaguzi wa funza, wewe unasuka nywele!"

Alikuwa na neno lake moja, nalo lilikuwa "Nionyeshe". Mwanafunzi akisema amenawa: nionyeshe. Diwani akisema barabara itachongwa: "Nionyeshe greda." Mama mmoja alimwambia anachemsha maji ya kunywa kila siku, naye Bwana Afya akaenda jikoni, akapitisha kidole chini ya sufuria ya maji kutafuta masizi, akarudi na kidole safi akakiinua mbele ya wageni wa mama huyo. Vijana wa mtaa walisema Siku ya Mwisho atamwambia Mungu amwonyeshe. Hakuamini maneno ya mtu yeyote, na hilo ndilo lililomfanya awe mzuri katika kazi yake. Lakini hata kosa lake lilianzia hapohapo.

Mtaani kwetu kulikuwa na fundi wa betri. Alipokea betri zilizokufa, za magari, za pikipiki, na miaka hii zaidi za umeme wa jua, akazipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali, akayeyusha vibao vya ndani kwenye pipa lililokatwa nusu. Ile risasi iliyoyeyuka aliimimina kwenye vikalibu, ikawa vizito vya kufunga kwenye nyavu, akawauzia wavuvi wa kule ziwani. Yaliyobaki, makapi ya kijivu cheusi, yalilundikana kando ya uzio. Tuliyaita jivu la fundi, ingawa yalikuwa mazito kuliko jivu lolote.

Bwana Afya alikwenda pale kukagua choo. Akaona kitu ambacho sisi tuliopita kila siku hatukukiona: watoto wa fundi walicheza peku uwanja mzima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na funza. Alirudi mara tatu, siku tofauti, akawakagua kidole kwa kidole. Halafu akachota vumbi la nyumba iliyojaa funza, akaligawa kwenye makopo mawili, moja akalichanganya na jivu la fundi, jingine akaliacha. Baada ya siku mbili aliniita nichungulie kwa kioo chake cha kukuzia. Kopo la kwanza hakikuruka kitu. La pili viliruka vidudu hadi kwenye mkono wake.

"Umeona, jirani?"

"Nimeona."

"Mimi sikukuambia. Nimekuonyesha."

Nimesoma taarifa nyingi za wataalamu tangu hapo, na chache zilifanywa kwa utaratibu kama ule wa makopo mawili. Alichokosa ni swali moja tu: kama kinaua funza, kinaua nini kingine?

Kwetu sakafu ya udongo husiribwa kwa samadi ya ng'ombe, mara nyingi Jumamosi, ili Jumapili watu watoke kanisani waingie nyumba inayonukia. Wanawake hufanya kwa viganja, watoto wakisaidia kwa sababu ni mchezo wa matope uliohalalishwa. Bwana Afya aliongeza kitu kimoja tu kwenye kazi hiyo iliyozoeleka: debe moja la jivu la fundi kwa madebe mawili ya samadi na moja la udongo wa kichuguu. Sakafu ilikauka ngumu, ikang'aa kama ubao wa shule uliopakwa upya. Fundi alifurahi kupunguziwa lundo. Wanawake walifurahi zaidi. Miguu ya watoto ilipona kiangazi kilekile, na wenye sakafu ya zamani wakaanza kuonekana wachafu. Bwana Afya mwenyewe aliwaandikia barua za onyo wawili waliochelewa.

Hapo ndipo ninapoingia. Nilikuwa natayarisha kipindi cha afya cha asubuhi kwenye redio ya jamii. Nilimrekodi uani kwake, kuku wanasikika nyuma, akisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza kidogo: "Mama, jivu la fundi ndilo askari wa nyumba yako." Tuliirusha kiangazi kizima. Watu walipiga simu kutoka Nyabusozi, kutoka Bugarama, kutoka Murukulazo, wakiuliza vipimo. Nilivirudia taratibu ili waandike.

Mtoto wa kwanza aliyepaswa kutushtua hakutushtua. Ndivyo ilivyokuwa. Aliitwa Devota, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na alikuwa na miaka minne. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Akipita langoni kwangu aliimba matangazo ya redio kwa kunikejeli. Miezi kadhaa baada ya sakafu mpya alianza kulalamika tumbo. Akakosa choo siku tatu, nne. Akapauka. Akawa na hasira za ghafla, analia akivalishwa, analia akivuliwa. Mama yake alisema minyoo. Bwana Afya naye alisema minyoo, akampa dawa ya minyoo, na ilipokosa kusaidia akampa tena.

"Mtoto anakula udongo huyu," mama Devota alimwambia. "Analamba mpaka sakafu."

"Mfundishe kunawa."

"Nami nikiwa na mimba yake nilikula udongo, si ndiyo tabia ya kwetu? Amerithi."

Tulicheka wote watatu. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi. Mama Devota alikuwa na mimba nyingine wakati ule, na alikuwa akimega vipande vya sakafu pembeni mwa mlango, vilivyokauka, na kuvitafuna.

Kisha mkoa ukaita maafisa afya kwenye semina ya taka za hatari. Bwana Afya aliondoka na basi siku moja kabla. Kesho yake, jua likiwa bado juu ya milima, nilimwona akishuka kwenye bodaboda mbele ya ua wangu. Alikuwa ameondoka kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo kwa semina ya serikali sijawahi kulisikia. Alisimama nyuma ya michongoma, mkoba begani.

"Jirani. Ile rekodi yangu bado unayo?"

"Ipo."

"Ifute."

Kabla sijajibu akainua mkono.

"Hapana, usiifute. Waisikie hivyohivyo, halafu waisikie nikisema nilikosea."

Aliniambia kwa kifupi, akihama kutoka mguu hadi mguu. Mkufunzi alikuwa ameonyesha picha ukutani: uwanja wa kuvunjia betri katika mji fulani, lundo la kijivu cheusi, mtoto amekaa kando yake. Akaeleza kwamba risasi haionekani ikiwa mwilini, hainuki, na haimfanyi mtoto avimbe ili mama ajue. Inamwingia kwa vumbi na vidole, inakaa, na inachukua akili kabla ya kuchukua kitu kingine. Mtoto mdogo huathirika zaidi kuliko mtu mzima, na mwenye mimba humpa aliye tumboni. Bwana Afya alinyoosha mkono kuuliza swali, akasimama, swali likamkatalia mdomoni, akachukua mkoba.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa mama Devota, akaingia bila kuhesabu, akapiga magoti katikati ya chumba na kukwangua sakafu kwa ukucha wa kidole gumba. Alikuwa akiuangalia ukucha ule kama anasubiri useme.

Damu ya Devota ilichukuliwa hospitali, ikapelekwa Mwanza ndani ya kisanduku cha barafu, na majibu yakachukua wiki kadhaa. Katika wiki hizo Bwana Afya alikonda. Majibu yaliporudi, daktari alisema risasi ipo na ni nyingi. Alisema pia, na mama Devota alinirudia maneno hayo mara mbili kana kwamba mimi ningeyageuza, kwamba kilichokwisha kupotea huenda kisirudi chote, ila kinachoweza kuokolewa kitaokolewa kwa kumwondoa mtoto kwenye chanzo na kumlisha vizuri, maharage, dagaa, mboga, maziwa yakipatikana. Devota leo anasoma. Alirudia darasa la pili. Yale maneno mengi hayajarudi yote.

Mkutano wa mtaa ulifanyika uwanja wa shule. Nimeripoti mikutano mingi ya viongozi na sikumbuki mwingine ambao kiongozi alianza hivi:

"Mimi ndiye niliyewaambia. Hakuna aliyenituma. Ile sakafu ni sumu kwa watoto, na mimi ndiye niliyewaambia."

Watu walicheka, maana walidhani anaanza mzaha. Mwanamume mmoja, aliyekuwa ameandikiwa moja ya zile barua za onyo, alisimama na barua yenyewe mkononi.

"Bwana Afya, mwaka jana uliniandikia kwa sababu sina sakafu. Mwaka huu unaniandikia kwa sababu ninayo?"

"Ndiyo."

"Basi niandikie moja itakayodumu."

Kicheko kikarudi. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Tuonyeshe hiyo sumu!" Umati mzima ukaitikia, tuonyeshe, tuonyeshe, wakipiga makofi, kwa neno lake mwenyewe. Alisimama pale mikono ikining'inia. Hakuwa na kopo la kuwaonyesha.

Ninavyoelewa sasa, sehemu ngumu ya adhabu yake ilikuwa hiyo. Maisha yake yote aliwazoeza watu wasiamini kitu wasichokiona, nao walikuwa wanafunzi wazuri.

Akaanza nyumba kwa nyumba. Aliandika orodha kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda ya parokia. Mtaani kwetu zilikuwa nyumba thelathini na nne. Alikuwa na utaratibu aliousoma, na hakumruhusu mtu kuuruka. Watoto na wenye mimba watoke kwanza, wakae mbali. Sakafu imwagiwe maji hadi ilowe, ili vumbi lisiinuke. Wachimbaji wafunge kitambaa puani. Nguo zao zifuliwe peke yake. Udongo ukae kwenye magunia, usitupwe bondeni wala migombani. Alichimba shimo la kuufukia kwenye kilima kikavu, mbali na chemchemi, akalipaka udongo wa mfinyanzi chini na pembeni, akalipima kwa fimbo yake futi kwa futi. Choo chochote mtaani hakikuwahi kufikia kina kile.

Fundi wa betri alimpokea vibaya. "Ulichukua jivu langu ukanisifu redioni," alimwambia. "Leo mimi ndiye mchawi?"

"Mchawi ni mimi. Wewe hamisha moto. Na wanao wapimwe."

Fundi alihamisha moto kweli, pamoja na wanawe na kila kitu, usiku mmoja, na hakuna aliyetuambia wapi. Nilidhani Bwana Afya atapumua. Badala yake alianza kuuliza makondakta wa mabasi kila siku kama wameona mahali watu wanavunja betri. Kwake lundo analolijua lilikuwa afadhali kuliko lundo asilolijua. Hadi anahama hakumpata.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mgumu wa kusamehe makosa madogo ya wengine hata katika kipindi ambacho yeye mwenyewe alikuwa akiomba kusamehewa kubwa. Masika moja choo chake kilibomoka, chake yeye, akatumia changu mwezi mzima, na kila akitoka alinitajia kasoro. "Mlango wako unaacha nafasi ya inzi, jirani." Alimnyima mkewe usingizi. Alimsahau mwanawe siku ya kipaimara kwa sababu kulikuwa na sakafu mbili za kuloweka. Mkewe aliniambia hapo kwenye michongoma: "Anadhani akisimama, wale watoto watakufa. Hawatakufa leo, wala hawatapona leo. Mwambie aje ale." Nilimwambia. Hakuja.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa bibi mmoja mwenye asili ya Burundi, aliyeishi na mjukuu wa kike anayeanza kusimama. Miguu ya bibi huyo ilikuwa imeoza kwa funza hata akawa anakwenda kanisani kwa kubebwa. Sakafu nyeusi ndiyo iliyomrudisha kwenye miguu yake. Alimpenda Bwana Afya kuliko padri.

"Mwana wanje, mwanangu," alimwambia, "hapa ndipo nilipopona. Unataka kuchimba mahali nilipopona?"

"Bibi, mtoto."

"Mtoto ananenepa. Mtazame."

Na kweli mtoto alikuwa mnene, mcheshi, amekaa katikati ya sakafu akipiga kijiko chini na kukirudisha mdomoni. Bwana Afya alikwenda siku kumi na tisa mfululizo. Siku ya ishirini hakuja kubishana. Alikuja na samadi mbichi kichwani na udongo wa mtoni, akaviweka mlangoni.

"Nitaisiriba mpya mwenyewe. Ikikushinda uzuri, nifukuze."

Habari zikaenea kwamba mwanamume, tena wa serikali, anasiriba sakafu. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Alilowesha, akachimba, akajaza magunia, halafu akapiga magoti na kuanza kupaka kwa kiganja, suruali imekunjwa hadi magotini. Bibi alisimama juu yake na mkongojo.

"Unapaka kama mtu anayeandika barua. Mkono ulegee! Zungusha. Ego, ndiyo, hivyo."

Wanawake walikufa kwa kicheko. Wiki ile nyumba tisa zilizokuwa zimegoma zilimwita. Sijui kama waliamini kuhusu risasi. Nadhani waliona tu mtu aliyekubali kuchekwa.

Upande wangu haukwenda vizuri hivyo. Nilirusha masahihisho, ile rekodi ya zamani na kisha sauti yake mpya akisema nilikosea. Tulirusha siku tatu. Baadaye kikaja kipindi cha bei za mazao, msimu ukabadilika, meneja akasema habari imekwisha kusikika, nami sikubishana naye kiasi cha kutosha. Kosa lilisikika kiangazi kizima, sahihisho siku tatu. Nyumba za mtaa alizimaliza, zote thelathini na nne. Waliosikiliza hatukuwa na orodha yao.

Alistaafu akarudi kwao Ngara. Kwa muda wa mwaka mzima alinipigia simu, bila salamu, akianza katikati: "Jirani, kuna moja Bugarama, nimeitoa." Au: "Nimeambiwa Nyabusozi zipo mbili, wewe uko karibu, nenda." Nilikwenda. Wakati mwingine ilikuwa kweli, wakati mwingine ilikuwa sakafu ya mkaa na samadi tu. Sikuwahi kumuuliza atajuaje amefika mwisho.

Mara ya mwisho aliniita Murukulazo. Nilipanda gari hadi Ngara mjini, kisha bodaboda, kati ya migomba na maharage yaliyokuwa yanaanza kutoa maua. Nilimkuta amesimama njia panda, kofia ya sufu kichwani ingawa kulikuwa na jua. Alikuwa amezeeka haraka. Mkono wa kushoto ulitetemeka, naye aliuweka mfukoni ili nisiuone.

"Umechelewa."

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Twende."

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, ya wenzi wachanga. Mume alikuwa shambani. Mke, binti ambaye hangezidi miaka ishirini na miwili, alitukaribisha ndani kwa heshima, na alipoona tunatazama chini uso wake ulichanua.

"Mnaipenda? Niliisikia redioni nikiwa kwa mama yangu. Niliandika vipimo kwenye daftari la Hisabati. Nilipoolewa nikatafuta jivu hadi nikalipata kwa mafundi wa betri, kule barabara ya mpakani. Majirani wote wamekuja kuiga."

"Wangapi?" Bwana Afya aliuliza.

"Wanne. Hapana, watano."

Alifumba macho kidogo.

"Ile sauti uliyoisikia redioni," alisema, "ilikuwa yangu."

Yule binti alishika mdomo. "Ni wewe, babu? Kweli ni wewe?" Akakimbilia kigoda, akakipangusa kwa kanga, akamwekea. Mtoto wake wa miezi minane au tisa alikuwa akitambaa kuelekea kwetu, mikono chap chap juu ya weusi ule.

Bwana Afya alimwambia yote akiwa amesimama. Risasi, vidole, akili, Devota, daktari. Alimwambia hospitali ya kumpeleka mtoto apimwe damu na maneno ya kusema akifika. Hakulainisha kitu. Yule binti alimsikiliza uso ukifungika polepole, na mwisho hakulia kama nilivyotarajia. Alikasirika.

"Uliniambia ni askari wa nyumba."

"Nilikuambia."

"Nikakuamini, sikukujua hata uso. Nimewafundisha watu watano. Leo umekuja na uso unaniambia ni sumu. Kesho nani atakuja kuniambia haya ya leo nayo ni uongo?"

Nje kuku alikuwa akiita vifaranga. Bwana Afya alitoa ule mkono mfukoni, ukatetemeka mbele yetu, hakuurudisha.

"Siwezi kukuahidi sitakosea," alisema. "Nikikosea nitarudi kukuambia. Kama nimekufa, huyu hapa atakuja." Alinionyesha kwa kidevu. "Yeye ndiye aliyenipa redio."

Binti alinitazama kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimeulizwa kama nakubali. Niliitikia kwa kichwa.

Binti alimgeukia mtoto wake. Kisha akainama, akamnyanyua mtoto, akanitupia mikononi kama mtu anayempa mwenzake mzigo wa kuni.

"Mtoe nje. Babu, maji kiasi gani?"

"Hadi ilowe yote. Kwanza funga kitambaa."

Nilikaa na mtoto chini ya ukingo wa paa, kwenye nyasi. Ndani nilisikia maji yakimwagwa, halafu jembe la kwanza, halafu sauti yake ikimwelekeza asiache pembe za mlangoni. Mtoto hakutaka nyasi. Alijipinda kuelekea mlangoni, akanisukuma kifua, na aliposhindwa akainua mikono yake miwili, vidole vina ule weusi hadi kwenye kucha, kuipeleka mdomoni ajitulize. Niliishika yote miwili. Alilia kwa nguvu zake zote, mama yake akachungulia mara moja na kurudi ndani, nami sikuiachia mpaka maji ya kumnawisha yalipoletwa.